Pani Iliyoletwa Mahakamani San Fernando

Kila pani, ngoma ya chuma inayofuliwa kutokana na pipa la mafuta, iliyotoka uani kwa Ethelbert Joefield ilikuwa na alama chini ya ukingo: mikwaruzo mitatu ya patasi, miwili mirefu na mmoja mfupi katikati. Mpigaji hakuiona, wala msikilizaji. Lakini mnunuzi yeyote wa kusini mwa Trinidad, kabla ya kutoa pesa, aliiinamisha pani na kupapasa kwa kidole. Akiipata mikwaruzo mitatu, hakuwa na swali jingine.

Alama hiyo ndiyo iliyomponza.

Ethelbert alizaliwa Point Fortin, mji uliokulia kwenye mafuta, na baba yake alifanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kilipomchoka. Mapipa matupu yalikuwa mengi kuliko mbuzi. Kukiponda kitako cha pipa mpaka kizame kama bakuli ni kazi ya nguvu, na kijana yeyote mwenye kifua anaiweza. Kinachofuata ndicho kinachowashinda wengi: kukipa kila kipande cha bakuli lile sauti yake, yaani noti, kwa nyundo ndogo na kifundo cha mkono kisicho na haraka. Pigo moja likizidi, noti ya jirani inaharibika nayo. Ethelbert aliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Kundi la mtaa wake, Techier Undertow, lilikuwa likipigia pani zake, na makundi mengine yalikuja kuziomba. Alijua thamani yake, na hakuona sababu ya kuificha. Kilabuni alikuwa na msemo aliorudia kila aliponunuliwa ramu: mwanamke na apige pani akipenda, ila nyundo asiiguse.

Aliteleza juu ya paa akipigilia bati, mvua ikija. Mkono wa kulia ulivunjika kifundoni. Kliniki moja ya kulipia, iliyokuwa na sakafu inayong'aa na wauguzi wenye sare zilizopigwa pasi, iliurudisha mfupa mahali pake na kuufunga plasta ngumu. Plasta ilibana. Alilalamika usiku, akalalamika asubuhi, kisha kutwa nzima.

"Mzee, mfupa umevunjika, lazima uume," muuguzi alimwambia. "Ulitaka ucheke?"

"Mfupa hauniumi. Vidole ndivyo nisivyovisikia."

"Basi shukuru, maumivu yamepungua."

Daktari alipokuja kuikata plasta, vidole vilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Mishipa ya damu ilikuwa imebanwa muda mrefu, na nyama ya mkono ilikuwa imeanza kufa. Mfupa uliunga vizuri sana. Vidole vilijikunja kama vya ndege aliyeshika tawi, na havikukunjuka tena.

Wakili wake, Indrani Sookdeo, alikuwa mwanamke mfupi mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa San Fernando. Alimweleza mambo waziwazi. Daktari hashitakiwi kwa kuwa tiba haikufaulu. Anashitakiwa kwa kutofanya ambalo daktari mwenzake makini angelifanya. Na mdai lazima aonyeshe kwamba madhara yametokana na kosa hilo, si na ajali yenyewe. Kliniki ilipokataa kutoa faili la matibabu ikidai ni mali yake, Sookdeo aliijibu kwamba karatasi ni zao lakini mwili ulioandikwa humo ni wa Bwana Joefield, na nakala ni haki yake. Kisiwani hakupatikana daktari wa kusema dhidi ya mwenzake, hivyo akaletwa mpasuaji kutoka Barbados, mzee mkavu aliyesema sentensi chache, na kila moja ikaumiza. Ilipofika siku ya kusikilizwa, kliniki ilikuwa imeacha kubishia plasta. Ilibishia jambo moja tu: kwamba Ethelbert Joefield alikuwa amepoteza kazi yake.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Pani zilikuwa zinaendelea kutoka uani kwake.

Kibanda cha Ethelbert cha kufulia pani kilikuwa na mlango mmoja, na tangu mwaka wa ajali mlango huo ulifungwa wakati wa kazi. Baada ya kutoka hospitali alikuwa na pani za Undertow nusu njia, na Kanivali, msimu wa mashindano ya makundi ya pani, ilikuwa karibu. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, akaiharibu moja, akaiacha sakafuni. Asubuhi aliikuta juu ya kigoda. Aliigonga. Ikaimba.

"Nani ameigusa hii?" aliita.

Josanne, binti yake, alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mzima, mpigaji wa Undertow tangu shuleni, na mwenye kazi yake katika ofisi ya posta.

"Mimi."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Hukujua tu."

Kuanzia siku hiyo Josanne alifua na baba yake akasikiliza. Mwanzoni alikuwa akimwambia pandisha, shusha, pole hapo. Baadaye alibaki amekaa tu, kwa kuwa hakukuwa na la kusahihisha. Kazi ikiisha, alishika patasi kwa mkono wa kushoto na kuchora mikwaruzo mitatu. Garnet, nahodha wa Undertow, hakuambiwa. Wanunuzi hawakuambiwa. Wakili alipouliza pani zinatoka wapi, alijibiwa kwamba vijana wa yadi wanasaidiasaidia.

"Mzee, mimi usinifiche kitu," Sookdeo alisema.

"Nikufiche nini, mwanangu?"

Wakili wa kliniki aliitwa de Gannes, mtu mrefu, mwenye adabu, asiyepandisha sauti. Siku ya kumhoji Ethelbert alimwomba karani alete kitu kilichofunikwa kitambaa. Ilikuwa pani ya sauti ya juu, mpya, inayong'aa kama kioo.

"Bwana Joefield, tazama chini ya ukingo. Alama hiyo ni ya nani?"

"Yangu."

"Nani aliichora?"

"Mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Kabla ya Kanivali iliyopita."

"Yaani miaka mitatu baada ya plasta. Na mahakama hii imeambiwa mkono wako umekufa."

"Nilichora kwa wa kushoto. Mkwaruzo hauhitaji fundi."

Watu walicheka. De Gannes aliwangoja wamalize.

"Pani hii imenunuliwa na mteja wangu kwa bei ya pani ya Joefield. Wewe ndiye mjuzi hapa, si mimi. Mwambie mheshimiwa jaji: ni pani nzuri au mbaya?"

Ethelbert aliuona mtego, na papo hapo akaiona njia ya kutokea. Akisema nzuri, mkono wake ni mzima na kesi imekwisha. Akisema mbaya, yote yanakaa sawa: fundi aliyeharibiwa mkono anayeng'ang'ania kazi na kutoa takataka. Neno moja tu. Hakuna mtu chumbani mle ambaye angembishia. Sookdeo alikuwa ameacha kuandika. Garnet alikuwa nyuma, kofia magotini. Josanne alikaa safu ya tatu na gauni la kijani, viganja chini ya mkoba, maana vidole vyake vilikuwa na makovu ya cheche.

"Naomba niisikie kwanza," Ethelbert alisema.

Jaji, mwanamke mwenye miwani mizito, aliitikia kwa kichwa. Ethelbert alipewa fimbo ya kupigia. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaanza nje kwenye noti nene, akazunguka taratibu kuelekea katikati ambako noti ni ndogo kama yai. Polisi wa mlangoni aliyekuwa akisinzia aliinua uso. Ethelbert aliirudia noti moja ya katikati, akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

"Ni nzuri," alisema.

"Nzuri kiasi gani?"

"Hizi za katikati zilinisumbua maisha yangu yote. Nilikuwa nazifunika kwa ujanja, zisikike safi siku ya kuuza. Hizi hazikufunikwa. Ziko safi zenyewe."

"Basi mkono wako umepona vizuri kuliko ulivyokuwa."

"Sijasema nimeifua mimi. Umeniuliza alama, nikakujibu alama. Ameifua Josanne Joefield, binti yangu. Yule pale mwenye gauni la kijani. Hii, na zote tangu nilipoumia."

"Mungu wangu, Bertie," Garnet alimwambia Ethelbert kutoka nyuma, si kwa kunong'ona, "umetumaliza." Jaji alimtazama mpaka akainamia kofia yake.

De Gannes hakubadilika uso. "Kwa hiyo miaka mitatu umewauzia watu uongo."

"Nimewauzia pani nzuri kwa jina lisilo lake. Ndiyo."

"Na leo tukuamini kwa nini?"

"Ningetaka kudanganya ningekwambia ni mbaya, na si ungeshakaa chini?"

De Gannes alikusanya karatasi zake. Kisha akakaa.

Nje, karibu na muuza chapati za roti, Sookdeo alimshika mzee kiwiko. Alikuwa na hasira, lakini hasira ya mtu aliyeona daraja likiyumba kisha likakaa.

"Ningemweka Josanne kwenye orodha ya mashahidi tangu mwanzo. Ulikuwa unamficha nani, mzee?"

"Kila mtu."

"Na mimi nikiwemo."

"Wewe ungenishauri niseme. Sikutaka kushauriwa."

Ndani ya gari Josanne aliendesha mpaka wakapita La Brea, pale lami ya ardhini inapoinua barabara na kuishusha apendavyo Mungu.

"Noti za katikati zilikuwa zinakusumbua?" aliuliza.

"Miaka thelathini."

"Hukuwahi kusema."

"Ningemwambia nani?"

Josanne alipinda kukwepa shimo. Alicheka kidogo, peke yake, na baba yake akatazama dirishani ili asionekane naye anacheka.

Kesho yake jaji aliruhusu Josanne atoe ushahidi. De Gannes alimhoji habari za nyundo, moto na unene wa chuma kwa muda mrefu, akijaribu kumpata anapodanganya, mpaka ikawa yeye ndiye anayeuliza ili ajue. Hukumu ilipotoka, ilisema kliniki ilizembea, na kwamba mgonjwa ambaye nyumba yake imeendelea kula kwa mikono ya mtoto wake hajarudishiwa mikono yake mwenyewe. Ethelbert alimwomba Sookdeo amsomee sentensi hiyo mara ya pili. Fidia ililipwa. Akiulizwa ni kiasi gani, hujibu kwamba hawakukosea sifuri.

Gharama ya kusema kweli ilifika uani mapema kuliko fidia. Kundi moja la San Fernando liliondoa oda yake. Kilabuni walimkariria msemo wake wa nyundo kila alipoingia, na kila aliyemnunulia ramu alidai ausikie tena kutoka kinywani mwake. Aliusema, akanywa. Kisha Garnet alikuja, akasimama kati ya mapipa.

"Bertie, watu wanasema Undertow tunapigia pani za mwanamke."

"Na Kanivali iliyopita mlishika nafasi ya ngapi?" Josanne aliuliza kutoka ndani, bila kuacha kazi.

"Ya pili."

"Na mwaka wa mwisho wa baba?"

Garnet alimtupia Ethelbert jicho.

"Ya saba," Ethelbert alisema. "Mwambie, usinionee haya. Nilikuwepo."

Garnet alivua kofia, akaivaa. "Zile za besi zitakuwa tayari lini?"

"Muulize mwenye nyundo."

Patasi ilikaa dirishani wiki nyingi. Ethelbert alimtaka binti yake achague alama yake. Si vizuri, alisema, kazi kutoka bila jina. Josanne hakuchagua. Wakitaka kujua, alijibu, wasikilize. Baba yake alibisha sana, kwa kuwa alipenda kubisha, halafu akaanza kuwasimulia watu maneno hayo kilabuni kama vile ameyatunga yeye.

Siku hizi Ethelbert hukaa kwenye kiti cha mbao karibu na lango, mkono wa kulia umelala pajani, wazi, bila kufunikwa na shati kama zamani. Mwezi wa kwanza, pilikapilika za Kanivali zikianza, alikuja kijana kutoka Port of Spain na gari dogo la mizigo, pani mbili nyuma. Alishuka kwa haraka ya watu wa mjini.

"Mzee, namtafuta Joefield. Wanasema ndiye anayeweza kuzitengeneza hizi. Ni wewe?"

Ndani, nyundo ilikuwa ikigonga noti ile ile, pole, pole, kisha ikanyamaza kusikiliza. Ethelbert alinyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea benchi, ambako watu wengine watatu walikuwa wameketi na pani zao magotini.

"Joefield yuko kazini," alisema. "Panga foleni."