Shee Ameziba Pikipiki Kama Mashua

Shee, huna haya!

Jamani, mjukuu wangu huyu ni fundi wa mashua. Mwezi mzima yumo uani mwangu anafufua pikipiki iliyotupwa na Mzungu mmoja hapa Kismayo.

Leo kaona bomba la moshi lina tundu.

Kaliziba!

Kamaliza pamba yote na sifa yote, mafuta ya papa niliyoiwekea mashua yetu inayovuja.

"Bibi, tundu si huzibwa?"

Alipoipiga pikipiki teke iwake, pamba ikaruka inawaka, ikatua kwenye makuti ya jiko langu. Nazima moto, majirani wanacheka.

Sasa mashua haiendi kuvua. Tutakula chuma? Semeni nyinyi.

Shee, nenda kisiwani Kudhaa ukatafute sifa nyingine. Usirudi mikono mitupu.