CD ya Mtani

Saa mbili asubuhi, mlango wa bati wa steshenari iliyo jirani na soko la Nachingwea unafunguliwa kwa kishindo. Mwanakheri anaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta yake ya mezani, anapangusa vumbi, anabonyeza kitufe, kisha anasimama mikono kiunoni. Hakai mpaka kioo kiwake.

"Siku hizi ikizingua naitazama tu, siigombezi," anasema, na kucheka. "Ilishanifundisha adabu."

Mama huyu wa watoto watatu, Mmwera wa Mbwemkuru, anaishi kwa kuchapa. Barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, risala za wageni rasmi na, zaidi ya yote, kadi za harusi. Ukurasa wa kawaida ni shilingi mia tano, kadi mnapatana. Watu wakishauza ufuta, harusi zinafuatana hadi anakosa muda wa kula, na humo ndimo inamotoka ada ya wanawe.

Kompyuta yake haitumii ule mfumo wa kulipia leseni. Inatumia Linux, mfumo huria ambao mtu anaunakili kwenye CD na kumpa mwenzake bila kuvunja sheria. Aliwekewa mwaka 2006 na Mwalimu Octavian wa sekondari, kabla hajahamishiwa Tabora.

"Virusi vya flashi za wateja vilikuwa vinanimaliza," anakumbuka. "Mwalimu akaniokoa. Miaka mitatu nilitamba mimi peke yangu, wewe! Nani alikuwa ananiweza?"

Mwaka huu wa 2009 akapatikana wa kumweza. Ni Makrina, Mngoni wa Songea, aliyekuja Ruangwa kumfuata mumewe mtumishi wa serikali, akafungua steshenari yake huko. Kinachomkereketa Mwanakheri ni kwamba Makrina alijifunzia kazi hapa hapa, kwenye kiti hiki hiki.

"Hata kuweka karatasi kwenye printa nilimwonyesha mimi," anasema, na sauti inapanda. "Mimi!"

Tena hao ni watani. Kwa jadi, Mngoni na Mmwera wanasemana ovyo bila kununiana, na mtani akikuta kitu chako anakibeba tu mbele ya macho yako. Ukimdai, anakikomboa kwa fidia.

Basi wateja wa kijiji cha Chinongwe wakaanza kupotelea Ruangwa mmoja mmoja. Wa kijiji cha Nkowe nao wakaanza kusitasita. Siku moja Zulekha, muuza vitenge, akaja kutoa nakala, na badala ya kushukuru akaanza kusifia. "Kompyuta ya Makrina ukiigusa, madirisha ya kwenye kioo yanazunguka kama boksi linavyobingirishwa. Hii yako mbona imetulia hivi?"

Mwanakheri alimkabidhi nakala zake. Kesho yake alipanda gari kwenda Ruangwa, eti kumsalimia mtani. Akaonyeshwa. Ni kweli, madirisha yalikuwa yanazunguka, na wateja wameinama wanashangaa kama watoto.

"Roho iliniuma, kaka, nisikufiche," anasema. "Nacheka meno yote nje, ndani nawaka moto. Nikajiuliza, huyu si ni yule yule niliyemfundisha kushika mausi?"

Mezani kulikuwa na CD ya toleo jipya la Linux. Mwanakheri aliichukua, akaitia mkobani, akatoka. Makrina alimwona, akapiga kelele huku anacheka: "Mwizi huyo, Mmwera! Utaikomboa kwa jogoo!" Wateja wakaangua kicheko. Hakuna aliyeuliza kitu na hakuna aliyeeleza kitu, maana utani ndivyo ulivyo.

Wakati huo ndani ya kompyuta ya Mwanakheri zilikuwemo kadi za harusi ya Fauzia, binti wa Bi Mwamina wa Nkowe. Zilikuwa zimekamilika, majina ya waalikwa yamepangwa, bado kuchapwa tu. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote za msimu, na Nkowe nzima ilikuwa inaitazama.

Mumewe, Kaimu, alimshauri amalize kwanza kadi za watu. "Nikamwambia akapalilie mikorosho yake," anasema Mwanakheri, akijifunika uso kwa mtandio. "Mimi nilitaka Bi Mwamina akija kuchukua kadi, akute madirisha yanazunguka. Akasimulie huko kwao."

Akaingiza CD. Kila kompyuta ilipouliza, akajibu ndiyo. Kazi ikaenda, ikaenda, ikakwama katikati. Alipoizima na kuiwasha, kioo kilikuja cheusi tii, na maandishi meupe ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu. Hakukuwa na dirisha hata moja, sembuse la kuzunguka. Printa ilibaki inakodoa taa yake ya kijani.

Bi Mwamina alipofika, Mwanakheri alisingizia umeme. Mama wa watu alitazama balbu iliyokuwa inawaka juu ya kichwa chake.

"Mwanangu, umeme huu mbona nauona?" aliuliza taratibu. "Watu wa kualikwa wako mbali. Kama imeshindikana, niambie, niende kwa yule binti wa Ruangwa."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Kazi ile ikienda Ruangwa, Nkowe yote ingeifuata, na baada ya Nkowe kungebaki nini? Akaomba apewe mpaka Ijumaa. Alifikiria kuipeleka kompyuta Masasi, kwa fundi yeyote, ilimradi asiwe Makrina. Lakini Masasi hakumjua mtu, na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliifunga kompyuta kwa kitenge, akaipakata mapajani njia nzima, vumbi na mashimo, mpaka Ruangwa.

Makrina alipoiwasha tu, alishika kiuno. "Ulikuwa na toleo la mwaka gani, mtani?"

"La Mwalimu Octavian."

"La 2006! Mama wee! Hiyo CD ni ya mwaka huu. Haiwezi kurukishwa hivyo, inapandishwa toleo kwa toleo. Kwa nini hukuniuliza?"

"Mtani anauliza?"

"Mtani wa kuku haulizi. Wa CD anauliza!"

Makrina alitoa CD ya zamani, akaiwasha kompyuta kwa hiyo bila kugusa vilivyomo ndani. Kadi za Fauzia zikaonekana, zote, na majina yake. Akazinakili kwenye kompyuta yake.

"Hapo nikapiga hesabu," anasema Mwanakheri. "Kadi ziko kwake, printa iko kwake. Nikajua ndiyo basi, anachapa yeye. Mimi ningekuwa yeye, ningechapa."

Makrina hakuchapa. Alisafisha mfumo ulioharibika, akaweka mpya, akarudisha kadi mahali pake. Kuhusu madirisha ya kuzunguka akasema hapana, kompyuta hii ni kongwe, haina nguvu hizo na haitakuwa nazo kamwe. Kisha akakataa jogoo. Fidia aliyoitaka ni moja: Mwanakheri asimame mbele ya wateja aseme fundi ni nani.

"Walijaa, na wa Chinongwe wangu wamo," anasema. "Nikasimama mbele yao. Nikasema, Makrina ananizidi. Walipiga makofi, nami nikaipakata kompyuta yangu nikaondoka."

Ijumaa Bi Mwamina alipata kadi zake, na wateja wa Nkowe wangali wanakuja Nachingwea. Mwandishi alipomuuliza kama wivu umekwisha, Mwanakheri alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Uishe uende wapi? Nikiyakumbuka yale makofi, chakula hakishuki."

Sasa, wateja wakipungua mchana, anasoma maelekezo ya mfumo huo mstari kwa mstari, kamusi pembeni. Anadunduliza anunue kompyuta yenye nguvu. Toleo lijalo likitoka, anataka kulipandisha mwenyewe, salama, kabla Makrina hajaligusa, kisha apande gari kwenda Ruangwa.

"Sitaki jogoo wake," anasema, akivuta kibodi karibu. "Nataka na yeye aliseme lile neno nililolisema mimi. Mbele ya wateja wale wale."