Shukri na Mtaa Usio na Kelele

Napiga pasi hapa Shubra mwaka wa ishirini na saba sasa, na watu wengi huwa nawajua kwa nguo zao kabla sijawajua kwa majina. Shukri nilijua ameacha kwenda ofisini pale alipoanza kuniletea mashati matano kwa wiki bila suruali hata moja.

"Suruali umeziuza?" nikamuuliza.

"Siku hizi nafanya kazi nyumbani, Ami Bayoumi. Wakubwa wangu wako Uholanzi, wananiona kwenye kompyuta tu. Macho yao yanaishia hapa." Akajigusa tumboni.

Kazi yenyewe sikuielewa vizuri, mambo ya kampuni ya bima, ila ilikuwa kazi ya kweli na akiifanya kwa bidii. Mama yake alikuwa amehamia Tanta kwa binti yake, kwa hiyo Shukri alibaki peke yake kwenye nyumba ya ghorofa ya pili, juu ya duka langu.

Tatizo lilikuwa kelele. Mtaa wetu haujui kunong'ona. Muuza gesi hugonga mitungi kwa spana, mnunua vitu vikuukuu ana kipaza sauti, na Umm Hanafi wa ghorofa ya tatu huzungumza na dada yake wa jengo la pili kupitia dirishani, tena habari za siri. Siku moja, katikati ya mkutano, mkubwa wake mmoja akamuuliza Shukri kama yuko sokoni. Shukri aliona haya mno. Wiki tatu akazunguka jiji zima na simu mkononi, mtaa kwa mtaa, akipima intaneti na kuandika kwenye daftari: kasi, umeme, kelele. Mwishowe akachagua nyumba huko Tagamoa, pembeni mwa jiji, kwenye jengo jipya lenye kuta nene.

"Huko hata paka hawalii, Ami," aliniambia.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," nikamjibu. Nilikuwa nimekasirika, sifichi. Nilimjua tangu ana miaka minne, naye akahama siku ya Ijumaa, mimi niko msikitini.

Mwaka na nusu baadaye akaenda kumposa Rabab, binti wa Mwalimu Fathallah wa Abbasiya. Binti anamtaka, mama wa binti anamtaka. Mwalimu akasema lile ambalo kila baba wa hapa husema: "Nipe siku kumi niulize." Akafunga safari hadi Tagamoa kumuulizia.

Shukri alinisimulia yaliyotokea akiwa amekaa kwenye kigoda changu, macho mekundu. Mwalimu alianza na bawabu. Bawabu akasema, "Yule wa ghorofa ya nne? Nadhani hana kazi, mzee. Hatoki. Hata chakula analetewa." Mwenye duka la chini hakumjua. Imamu akasema labda atamkumbuka akiiona sura yake. Jirani wa mlango unaotazamana na wake alidhani nyumba ile haina mtu.

"Nikampelekea mkataba wangu wa kazi, Ami. Hakuufungua. Akasema, 'Mwanangu, kwamba una kazi nimeamini. Lakini binti yangu akianguka ngazini, nani atamkimbilia? Nimeuliza jengo zima, sikumpata mtu.' Amekataa."

"Na wewe unampenda?"

"Nitakufa, Ami."

"Hufi. Ila umeyataka mwenyewe. Ulitafuta mtaa ambao husikii mtu, basi na wao hawakusikii." Machozi yakamtoka, nikajuta ulimi wangu. "Haya, mlete huku atuulize sisi."

"Nimemwomba. Anasema huku nilishahama."

"Mwambie Bayoumi mpiga pasi amemwalika chai. Tuone kama mwalimu mzima atakataa chai ya watu."

Mwalimu alikuja Jumanne asubuhi, peke yake, amevaa koti lenye mikunjo mgongoni. Nikamvua nikaanza kulinyoosha. Sijafika kwenye mikono, Umm Hanafi akashuka, na hakuna aliyemwita.

"Shukri? Mbishi yule!" akaanza. "Asubuhi hatoi salamu mpaka anywe chai. Dirisha langu amelivunja kwa mpira mara mbili, na mara ya pili akasema ni upepo. Akikwambia anakuja dakika tano, wewe lala kwanza."

Nikamkonyeza anyamaze. Alikuwa anammaliza mtoto wa watu. Lakini Mwalimu Fathallah alikuwa akitabasamu.

"Endelea, mama," akasema. Na yule mama hahitaji kuambiwa mara mbili.

Alipochoka, mwalimu akanigeukia. "Na wewe, Bwana Bayoumi?"

Nilikuwa nimeandaa sifa tele. Zote zikanitoka kichwani.

"Mke wangu alifariki nyumbani kwetu hapo juu, miaka sita iliyopita, saa tano asubuhi," nikasema. "Waliponiita nilitoka mbio, nikaacha pasi ya moto juu ya shati la mtu. Shukri ndiye aliyeingia akaizima. Halafu siku zote tatu za matanga alikaa hapa dukani akipiga pasi nguo za wateja, nisije nikawapoteza."

"Anajua kupiga pasi?"

"Hajui kabisa. Alichoma kanzu mbili. Akaenda mwenyewe mlango kwa mlango kuomba radhi."

"Moja ilikuwa ya mume wangu," akasema Umm Hanafi.

Mwalimu alimaliza chai yake. Nikamvisha koti. Akatoka barabarani, akasimama, akawa anayatazama madirisha ya jengo letu moja baada ya jingine, na mimi moyo unanidunda kana kwamba mposaji ni mimi.

"Bwana Bayoumi," akasema, "hapa kuna nyumba ya kupanga, ya watu wawili?"