Koti la Baba Kwenye Kamba

Mwaka ule wa ugonjwa nilianza kila siku kwa kunusa kitunguu. Kabla sijasema na mtu nilikata kipande jikoni, nikakiweka puani, nikavuta. Nikisikia ukali wake namshukuru Mungu. Dakika kumi baadaye naanza kujiuliza kama kweli nimeusikia au nimeukumbuka tu, nakata kingine. Redio ilikuwa imesema wagonjwa wanapoteza uwezo wa kunusa, na mimi sikutaka kuwa wa mwisho kujua.

Nayasema haya bila aibu kwa sababu aibu yenyewe iko mbele.

Nyumbani kwetu Gongoni tulikuwa wawili. Mimi, fundi cherehani niliyevuka arobaini na tano, mwepesi wa hasira tangu utoto. Na baba, mzee wa miaka sabini na nane, aliyefanya kazi ya reli stesheni ya Usoke mpaka akastaafu. Mama alishatangulia. Ndugu zangu walikuwa mbali, wakipiga simu na kuniambia, "Mwangalie mzee." Wakishakata, nilirudi dirishani kutazama njia. Kila aliyekohoa njiani nilimwona amekuja kumchukua baba.

Tangu astaafu, baba alikuwa na desturi moja. Asubuhi alikaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, amevaa koti lake la reli hata jua likiwaka, akimngoja mtani wake. Mtani alikuwa Mzaramo, fundi viatu wa pale konani, ambaye wazee wake walikuja huku na misafara wakasahau kurudi pwani. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za njia ile ya misafara, babu zetu walipokuwa wapagazi wa kubeba mizigo, na wazee wale wawili hawakuacha siku ipite bure.

"Mpagazi wangu, bado hujafa tu?" mtani alianza kelele kabla hajafika. "Nalingoja hilo koti mpaka nazeeka mimi!"

"Nife nimwachie nani? Babu yako alifika hapa akitembea nyuma ya babu yangu, kila hatua anauliza maji yako wapi!"

Hapo ndipo baba alipoanza kunywa uji wake. Siku ambayo mtani hakuja, uji ulipoa.

Mimi niliyavunja hayo yote kwa asubuhi moja. Niliingiza kiti ndani, nikasimama mlangoni na barakoa niliyoishona kwa mabaki ya kitenge, nikamngoja mtani kwa hamaki.

"Shikamoo, mzee. Usije tena hapa. Utatuletea ugonjwa."

"Marahaba," alisema, akatazama viatu vyake, akageuka.

Baba nikamhamishia chumba cha uani. Mlango nikaufunga kwa komeo la nje. Nilijiambia ni kwa usalama wake, maana nilijua nikiuacha wazi atarudi barazani. Chakula nilikiweka kwenye stuli, nikafungua, nikarudi nyuma hatua tano, akichukua nafunga. Mara mbili kwa siku nilimpelekea sufuria ya mchaichai na mwarobaini ajifukize. Nguo zake nilizifua kila siku, hata asizozivaa. Lile koti nililifua mpaka likapauka mabegani, na mikono yangu ikapasuka kwa sabuni.

Wiki ya kwanza alilalamika. Ya pili alinyamaza. Ya tatu sahani zilianza kurudi kama zilivyokwenda. Nikimsalimia dirishani ananitazama, hajibu. Siku moja aliniita kwa jina la mama, akaniuliza kama treni ya asubuhi imeshapita Usoke. Nikamwambia imepita. Baada ya hapo siku tisa hakusema neno.

Nilimpima joto: hana homa. Hakohoi. Basi hana ugonjwa, nilijiambia, na moyo ukaendelea kunienda mbio. Nilikwenda zahanati nikidhani ni kifua changu. Muuguzi alinisikiliza mapafu, akasema ni mazima. Akaniuliza kama ninalala. Akaniuliza nazungumza na nani hofu ikinibana. Nilimjibu kwa ukali kwamba nina mgonjwa nyumbani, sina muda wa mazungumzo. Nusu ya njia ndipo nilipogundua nimemwita baba mgonjwa.

Alasiri ya siku ya tisa nilitoka sokoni na kikapu cha nyanya. Nilipokata kona nikasikia kilio. Sauti ya mwanamume, ikilitaja jina la baba, ikitokea uani kwetu. Nikaona watu wamesimama kwenye ua. Nikasogea, nikamwona mtani ameketi chini, mavumbini, amevaa koti la baba mbele nyuma, vifungo mgongoni.

Kwetu mtani havai nguo za mtu hivyo mpaka mtu huyo amekufa. Ni kazi yake msibani: anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anadai urithi, wafiwa wapate kucheka kidogo katikati ya machozi.

Kikapu kilidondoka. Sikulia, nilitoa sauti ambayo hata sasa sipendi kuikumbuka. Jirani waliponisikia nao wakaangua kilio, wengine wakaanza kujifunga khanga viunoni. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: amekufa, na komeo nimelifunga mimi.

"Kitanda changu!" mtani alikuwa akilia. "Baiskeli yangu! Mpagazi ameniachia koti tu, tena limefuliwa mpaka limekuwa dekio!"

Ndipo sauti ikatoka dirishani, nyembamba, yenye kutu.

"Livue koti langu! Sijafa, mwizi wewe!"

Mtani hata hakugeuka.

"Hujafa? Toka basi tukuone. Aliye hai gani anafungiwa kwa nje?"

"Waulize wenye nyumba!" baba akafoka, na kufoka kule kukaisha kwa kicheko, halafu kilio.

Mtani alisimama, akalivua koti, akalirudisha kwenye kamba alipolikuta. Alinijia mpaka hatua chache, akasimama. Siku zote aliniita mke wake kwa utani. Siku hiyo alisema, "Mwanangu, nimekuja kumlilia angali anasikia. Mfungulie."

Nilifungua. Komeo lilinishinda mara mbili kabla ya kutoka. Baba alikuwa ameshika fremu ya mlango, amekonda, macho yamejaa maji. Nikamwambia nilichokuwa sijamwambia mtu yeyote: "Baba, naogopa. Naogopa mpaka nahisi akili inaniruka."

"Hata mimi naogopa," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Hukuniuliza."

Tukaweka viti viwili uani, mbalimbali kiasi cha kulazimisha kupiga kelele, na kelele kwao haikuwa shida. Uji ukanyweka. Mimi nilirudi kwa yule muuguzi, nikamwomba radhi, nikajibu maswali yake. Sikupona hofu. Kitunguu kikabaki kimoja kwa siku.

Mwaka uliofuata watu walianza tena kunong'ona kuhusu changamoto ya upumuaji, jina walilolipa ugonjwa uleule. Mtani aliugua siku nne. Habari ya kifo chake ilipofika, baba alisimama akaomba koti lake. Nilisimama mlangoni, mwili mzima ukiniambia funga. Nikamfunga barakoa, nikamshika mkono, tukaenda.

Mwili ulikuwa bado ndani, wanauosha. Baba aliomba ile aproni ya turubai ya kazini kwa mtani, akaivaa mbele nyuma, akaketi mavumbini mbali kidogo na watu, chini ya dirisha la chumba.

"Umelala nini, mvivu wewe?" alipaza sauti. "Viatu vyangu viko wapi? Koti ulilitaka, nimekuletea! Toka ulichukue!"

Watu walicheka, kama inavyotakiwa. Baba hakucheka. Aliinua uso akalitazama dirisha, akangoja jibu. Nami nikangoja naye.