Mbili Mpya, Ziende Nyuma

Reino Kangas alikuwa fundi matairi, na katika mji ule wa kando ya Ziwa Superior, ambako theluji huanguka kabla majani hayajaisha mitini, fundi matairi huzijua siri za watu kumpita hata mchungaji. Anamjua aliyeachishwa kazi kiwandani, kwa sababu huyo huja kuzibiwa tairi la kutupwa. Anamjua anayeendesha akiwa amelewa, kwa rimu zilizogonga mawe.

Watu walimtania kwa jambo moja. Ukija kununua tairi mbili badala ya nne, yeye alizifunga nyuma. Ukishikilia zifungwe mbele, alikurudishia funguo zako.

"Reino, na viatu unavivaa kisigino mbele?" walimuuliza, wakacheka. Yeye hakucheka.

Hakuzaliwa na ukali huo, jamani. Miaka sita nyuma alikuja mdogo wake, Onni, mtu wa kelele na mizaha, tairi zake za mbele zimekuwa kipara. Akanunua mbili mpya. Reino akamwambia zitakwenda nyuma, na zile za nyuma zihamie mbele.

"Kaka, hebu nieleze," Onni alisema, huku akiwatazama waliopanga foleni ili wamsikie. "Gari hili linavutwa na mbele. Linakata kona kwa mbele. Nyuma kunafanya nini? Kunafuata tu, kama wewe ulivyomfuata baba kwenye gereji hii mpaka ukaota mvi."

Watu wakaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi, mstari umefika mlangoni, na Reino hakupenda kuchekwa. Alijua jibu. Mbele ikiteleza, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, akapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari limeshageuka kabla hajafikiri. Lakini alisema, "Haya, bwana mkubwa," akazifunga mbele.

Siku kumi na moja baadaye, wala si kwenye theluji, kwenye mvua ya kawaida, gari la Onni liliteleza nyuma kwenye kona ya kiwanda cha mbao, likageuka, likaingia ubavu kwenye lori la magogo.

Makaburini, mjane wake, Darlene, alimuuliza Reino neno moja. "Ulijua?"

"Nilijua."

Tangu siku hiyo mkate wa iliki ambao Darlene alikuwa akimletea kila Krismasi ulikoma, na matairi akawa anafungiwa mji wa mbali, mwendo wa saa nzima.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Novemba redio ilitangaza dhoruba, na barabara ya kwenda ule mji wa mbali ikafungwa. Asubuhi hiyo gari la Darlene likaingia gereji. Reino akajifuta mikono mara tatu. Katika miaka sita alikuwa akingojea kitu kimoja tu: kuitwa tena shemeji.

"Karibu, shemeji. Kahawa ipo."

"Fundi," Darlene alijibu, "nataka za misimu yote."

"Kwa kilima chako, za baridi zingekufaa zaidi."

"Za baridi alikuwa akinibadilishia Onni. Vuli anafunga, masika anafungua. Sasa nani anibadilishie, wewe?"

Reino angesema ndiyo. Hakuthubutu. Akamtolea aina mbili. Moja ilikuwa na mpira mgumu wa kudumu miaka mingi. Nyingine ilikuwa laini kidogo, ina mifereji mirefu ya kutupa maji, na ubavuni imechorwa mlima wenye chembe ya theluji, alama ya tairi linalohimili theluji.

"Hii itaisha mapema," alisema, "ila kwenye maji na theluji inashika."

"Hiyo."

"Nne?"

Darlene akatoa sarafu ya senti mfukoni. Akainama, akaipachika kwenye mfereji wa tairi la nyuma, kichwa cha rais kikiwa chini. Nywele za rais zilizama mferejini zisionekane; tairi lilikuwa bado na meno.

"Mbili," alisema. "Hizi hamishia mbele. Mpya ziende nyuma." Kisha, taratibu, "Nyuma, fundi. Wewe ulijua zamani. Mimi nimejua sasa."

Kahawa hakuinywa. Alisimama nje kwenye mvua ya barafu, kola juu, mpaka gari likateremshwa kwenye jeki.

"Baada ya maili hamsini urudi nikaze nati," Reino alimwambia. "Huwa zinalegea kidogo. Nawaambia wote."

Darlene alipokea funguo, akaondoka.

Reino akapiga hesabu. Kutoka kilimani kwa Darlene hadi hospitali alikofulia mashuka, kwenda na kurudi, ni maili kumi na saba. Siku tatu, basi. Siku ya tatu alinunua mkate wa iliki, akauweka karibu na birika. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya ainue kichwa. Siku ya tano mkate ulikuwa mgumu kama ubao, akawatupia kunguru.

Jumapili, wimbo wa mwisho ukiimbwa, alitoka kanisani kimyakimya akiwa na spana chini ya koti. Akapiga magoti kwenye theluji kando ya gari la Darlene. Nati ya kwanza haikusogea. Akaielemea, haikusogea. Akazunguka magurudumu yote manne, nati zote ishirini, suruali ikalowa mpaka mapajani. Zilikuwa zimekazwa zote, na mtu aliyekaza kwa uzito wa mwili wake wote.

"Ziko sawa, fundi? Nimezikaza mwenyewe."

Darlene alikuwa amesimama nyuma yake na kitabu cha nyimbo.

"Ziko sawa," Reino alisema.

"Basi inuka. Nataka kuondoka."