Upara wa Magoti Mawili

Daktari wa mifugo wa mji wa Longreach hujicheka kabla hajachekwa. Mbwa wa kuchunga kondoo akishalazwa chali, kushoto na kulia humchanganya: hunyoa goti lisilouma, hupaka jeli, hupitisha kifaa cha ultrasaundi, na asipoona kano iliyokatika hujikohoza na kusema, "Nalinganisha kwanza!" Kisha hunyoa la pili. Mbwa wenye magoti ya upara wamejaa mji mzima.

Leo Bronwyn, mfugaji, kamleta mbwa wake anayechechemea, na kondoo wanangoja kukusanywa. Kano iliyokatika imeonekana kwenye goti la kwanza. Daktari anajishangaa, halafu anawasha tena mashine ya kunyolea.

"We daktari, si umeshaipata?"

"Nimeipata, mama. Lakini huyu akitoka na upara mmoja, watu watajua kuwa kwa wale wengine nilikuwa nababaisha."