Ukoo wa Watengeneza Gesi

Siku ile, mwanangu, hunirudia kwanza puani. Ni harufu ya kinyesi cha ng'ombe kilichochachuka ndani ya shimo la gesi la misheni, kule kwetu Matombo, ikichanganyika na harufu ya mdalasini ulioanikwa mkekani upande wa pili wa ua. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni mwa shimo hilo, chupa ya sampuli mkononi, na sikuona tena sababu yoyote ya kuijaza.

Nikueleze kwa mpangilio, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea, na kwa kuwa huenda nawe siku moja ukajikuta umepiga magoti vivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili mjini Morogoro. Tasnifu yangu ilihusu viumbe wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya shimo lile na kugeuza kinyesi kuwa gesi ya methani, ambayo masista waliipikia ugali na maharage ya wanafunzi wao. Viumbe hao huuawa na hewa unayoivuta wewe sasa hivi. Kuwaotesha maabara kulinitaka niwafungie katika chupa zisizo na hata chembe ya oksijeni, na mara nyingi chupa ilipopasuka kidogo tu shingoni, kazi ya miezi ilikufa. Hata hivyo niliwapenda. Niliwatenga mmoja mmoja, nikawatazama kwa hadubini, nikawaainisha kama tulivyofundishwa sote: walio duara katika kundi la bakteria wa duara, walio kama fimbo kwa wenzao wa fimbo, na waliojisokota kwa wenzao waliojisokota. Sura nzima ya tasnifu, sura ya nne, ilisimama juu ya mgawanyo huo.

Kisha msimamizi wangu, ambaye wanafunzi tulimwita Mama Dokta, akaniita ofisini. Jarida la sayansi kutoka ng'ambo lilikuwa limefika kwa meli, limechelewa kama kawaida.

"Kaa chini kwanza," akasema.

"Nimekwisha kaa, Mama."

"Basi kaa vizuri."

Makala ilieleza kwamba kila kiumbe hai kina ndani yake molekuli moja ndogo, kama uzi, inayosaidia kutengeneza protini, na kwamba uzi huo hurithiwa kizazi hadi kizazi ukibadilika polepole mno. Watafiti walikuwa wameusoma uzi wa watengeneza gesi na kuulinganisha na wa viumbe wengine. Haukufanana na wa bakteria. Haukufanana na wa mimea wala wa wanyama. Wale wa duara, wa fimbo na waliojisokota, wote waliotoa methani walikuwa jamaa wa damu, na ukoo wao ulitengana na wa bakteria tangu zamani isiyosemeka. Leo tunawaita arkea.

Mama Dokta alikuwa aking'aa uso kama mtu aliyepokea habari za mtoto kuzaliwa. Mimi nilikuwa nikihesabu kurasa nitakazochana.

"Sura ya nne imekufa," nikasema.

"Wewe nawe unazika haraka! Mwezi ujao unakaa mbele ya jopo la watahini. Nenda kwenu ukapumzike, urudi na chupa mpya."

Nilipanda lori la misheni hadi Matombo, na njia nzima nikatunga barua ya kujitoa masomoni. Niliitunga kichwani kwa namna tofauti tofauti, nikasahihisha hata vituo vyake.

Nilimkuta Mjomba uani kwake, jirani na misheni, yeye na mwanawe Pius wakibandua magome ya mdalasini. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa akaingia bibi mmoja wa ukoo wetu kutoka Mgeta, ambaye hakuwa amefika kwetu tangu sisi vijana tukiwa wachanga. Kwetu Waluguru, ukoo, yaani lukolo, hupitia kwa mama. Watoto wa Mjomba ni wa ukoo wa mkewe. Mimi, mtoto wa dada yake, ndiye wa ukoo wake. Bibi alilijua hilo kuliko sisi sote, ila macho yalimtangulia. Akamwendea Pius moja kwa moja, akamshika mashavu.

"Pua hii! Hii pua ni ya kwetu! Mtoto wa ukoo huyu!"

Mjomba akacheka mpaka kisu kikamdondoka. "Pua umeijua, Mama, mtu umemkosa. Huyo nimemzaa mimi, lakini ukoo wake uko Kiroka kwa mama yake. Wa kwetu ni yule mrefu aliyenuna pale kama mawingu ya masika."

Bibi akanigeukia, akanipima kutoka juu hadi chini. Nilikuwa nimemfuata baba yangu kwa kila kitu. "Huyu? Hana hata sikio la kwetu! Haya, mama yako nani?"

Nikamtaja.

"Na aliyemzaa mama yako?"

Nikamtaja.

"Na aliyemzaa huyo?"

Nilipomtaja wa tatu, alinikumbatia akaanza kulia, kwa maana huyo alikuwa dada wa mama yake.

"Kwa hiyo mimi pua nimeazimwa tu," Pius akalalamika. "Nimefukuzwa ukoo hata chai sijanywa!"

"Kunywa chai, nani amekufukuza?" Mjomba akamjibu. "Nyumba ni ya baba yako."

Wote tulicheka. Lakini kicheko changu kilikatika katikati, nikaomba ruhusa, nikaenda shimoni na chupa yangu. Ndipo Mjomba aliponikuta nimepiga magoti.

"Mpwa, umefiwa?"

Nikamweleza yote, jarida, jopo na barua. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akatazama bomba lililoelekea jikoni kwa masista.

"Gesi imeacha kuwaka?"

"Hapana, Mjomba."

"Basi sijaelewa kilichokufa ni nini. Wewe uliwaona hawa, au ulituongopea?"

"Niliwaona."

"Ulisema wanakufa kwa hewa. Bado wanakufa?"

"Bado."

"Basi usiniletee msiba usio na maiti. Umeambiwa mama yao ni nani, unanuna! Bibi ameambiwa vilevile sasa hivi, mbona yeye amefurahi?"

Akarudi kwenye mdalasini wake. Nilibaki pale nikifikiri, nami nikianza kufikiri huwa siachi. Bibi hakukosea kuhusu pua. Pua ya Pius ni ya Mjomba kweli, na umbo la duara nililoliona kwenye hadubini ni la duara kweli. Ila swali la sura na swali la asili ni maswali mawili, nami nilikuwa nimelijibu la kwanza nikidhani nimejibu yote. Ndipo nikakumbuka jambo lililonisumbua mwaka mzima. Nilikuwa nikitia penisilini kwenye chupa zangu ili kuua bakteria wavamizi, na watengeneza gesi hawakujali kabisa. Nilidhani dawa ilikuwa imeharibika. Penisilini hushambulia kitu fulani katika ukuta wa seli za bakteria. Itakuwaje kama hawa hawana kitu hicho?

Nikaijaza chupa.

Mbele ya jopo niliweka chupa mbili zenye penisilini ile ile. Katika ya kwanza niliwatia bakteria wa kawaida wa udongo, nao walikuwa wamekufa. Ya pili ilikuwa na watengeneza gesi wa Matombo.

Mtahini mmoja, mtu mkali, akavua miwani. "Ndugu mtafiti, unatuambia kuna ukoo mzima wa viumbe hai ambao sisi hatukuwahi kuuona?"

"Tuliuona, Profesa. Tuliuita kwa jina la jirani yake."

"Wapo bakteria sugu kwa penisilini. Hii si hoja."

"Si uthibitisho, nakubali. Ni ushahidi mmoja unaoafikiana na ule wa jaridani. Zaidi ya hapo sidai."

Nikachoma sindano kwenye kizibo cha mpira cha chupa ya pili, nikawasha kiberiti. Kwenye ncha ya sindano ukasimama mwali mdogo wa buluu. Yule mtahini akainuka kitini, akainama karibu kiasi cha kuunguza nyusi, akasema taratibu, "Wazima kabisa!" Mama Dokta akageukia dirishani, ila mabega yalionyesha kwamba anacheka. Nilifaulu, kwa sharti la kuiandika upya sura ya nne. Nilikuwa nimekwisha kuiandika.

Tangu hapo nimewakuta jamaa za viumbe wale katika maji ya moto ya Kisaki, na nimewaheshimu bakteria pia, wanaolisha maharage kwenye mizizi milimani kwetu na kuupa udongo harufu yake mvua inapoanza. Ni wengi kuliko majina tuliyonayo.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Andika ulichokiona kwa uaminifu, kisha ukishike kwa mkono ulio wazi. Ukiambiwa mpangilio wako umekosea, usizike ulichokiona pamoja na jina ulilokipa. Na kinachokusumbua katika kazi yako usikisingizie dawa mbovu. Kiulize mama yake ni nani.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kuona tena, na siku utakapotaka kuizika kazi yako, akukutanishe na mtu atakayekuuliza kama gesi imeacha kuwaka.